Kitanda Kisichotandikwa

Mwezi wa nne huu, kalenda ya duka la unga
haina duara nyekundu.
Pakiti ya pedi iko juu ya kabati,
imeshika vumbi kama cherehani ya marehemu.

Kwamboka wa mlango wa pili aliniambia
akianika nguo, kibanio mdomoni:
"Sasa hiyo damu inaenda wapi?
Inakusanyika. Siku moja itakupanda kichwani."
Nikalala na hilo neno.
Nikajibonyeza tumbo gizani,
Kayole nzima imelala,
nikitafuta bwawa.

Kliniki, Sista Jerotich alinipa kwanza kikopo.
"Tuondoe shaka." Mstari mmoja.
Kisha akapapasa kijiti chini ya ngozi ya mkono wangu
kama anayetafuta sarafu kwenye pindo la leso.
"Mama Sifa, usipotandika kitanda
utatandua nini?
Dawa imezuia matandiko, basi.
Hakuna kilichoziba, hakuna kinachooza.
Siku ukikitoa, hesabu zako zitarudi."

Nilicheka, halafu nikaona haya kucheka.
Miaka ishirini na miwili
ya kufunga sweta kiunoni,
ya kuinuka kwenye kiti nikigeuka kukitazama,
ya kuchagua kati ya pedi na mafuta ya taa.
Niliupokea ukimya huu
kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisahau.

Kwamboka, njoo unywe chai.
Bwawa sijaliona.
Na hii pakiti ichukue, mpelekee Nyanchama;
yeye ndio kwanza anaanza.