Kipimo cha Majivu

Umeniuliza kipimo, Zelna, umeandika haraka haraka
kama mtu anayeulizia nauli:
majivu kiasi gani, udongo kiasi gani,
ili zaatari ishike.
Bakuli moja kwa matano.
Ningeweza kuishia hapo.

Lakini majivu mabichi usiyatumie.
Yana ukali wa kiberiti ndani yake.
Mimi niliyamwaga kwa pupa, debe zima,
na mrehani wangu ukaungua toka chini kwenda juu,
jani baada ya jani,
kama barua inayochomwa na mtu asiye na haraka.
Mvua ikaja, yakagandamana, yakawa sakafu.
Niligonga kwa kidole: ko, ko.
Nani angechomoza humo?

Yaache nje. Yapigwe na mvua msimu mzima.
Sufriere ulitapika Aprili, nami nilipanda Novemba,
na katikati yake kuna ile miezi ya kulala darasani
huko kusini, chini ya ramani ya dunia,
bibi yako juu ya madawati mawili yaliyounganishwa,
akiniuliza kila asubuhi kama kuku wamelishwa.
Hakukuwa na kuku tena.
Nilimjibu wamelishwa.

Kisha chekecha. Usipoteze pesa kununua chekeche.
Mimi nilikata neti ya mlango wa jikoni,
mlango wenyewe haupo.
Yanayopita ni laini kuliko poda ya mtoto,
kwa hiyo jifunge kitambaa puani.
Yanayobaki juu ni vijiwe vyepesi vyenye matundu;
hivyo tandika chini kabisa ya chungu,
maji yapate pa kutokea.

Samadi ni ya mbuzi. Ya Alphius, si ya Kato:
mbuzi wa Kato wanakula mifuko ya saruji.

Ulisema picha ya zaatari yangu imekutoa mate.
Basi jua inakula nini.
Juu ya paa letu hapa Owia yalilala unene wa shubiri mbili.
Bati lilivumilia usiku wa kwanza,
usiku wa pili likapiga magoti.
Niliporudi niliyakuta chumbani kwangu
yamejinyoosha kitandani, yamefuata umbo la godoro,
kwa adabu, kama mgeni
aliyefika akakuta mwenyeji ametoka.
Niliyazoa kwa koleo lile lile la kuchomea mikate.
Ndiyo hayo. Sina mengine.

Bibi yako hataki kuionja.
Anasema ina ladha ya Aprili.
Napika supu ya samaki sufuria mbili,
yake na chumvi na pilipili tu, yangu na shada zima,
na tunakula tumetazamana bila kuongea habari hiyo.
Ila juzi niligeuka ghafla nikamwona dirishani
amenyoosha mkono juu ya chungu.
Hakuchuma. Hakugusa hata jani.
Ameuweka tu pale, karibu, kiganja chini,
kama mtu anayepima homa.
Nikajifanya natafuta kijiko.

Huko Toronto usije ukatumia majivu ya jiko.
Hayo ni mambo mengine, hayo ni magadi matupu,
utaua mche halafu unilaumu mimi.
Nitakutumia ya kwetu ndani ya kopo la maziwa.
Yapo. Kila mvua ikinyesha
mfereji bado unatema weusi kidogo,
nami nimetega bakuli.
Forodhani wakilifungua wakauliza ni nini,
waambie ni paa.

Na usimwagilie jioni.
Zaatari haipendi kulala na miguu iliyolowa.