Tano Kwenye Mabano

Ghala la parachichi, Kiwira, saa nne usiku.
Mvua inatwanga bati,
na mimi, ndani ya koti la marehemu mjomba Ambokile,
naiuliza mashine maana ya nyota tano.

Mtandao umetususa tangu Jumanne.
Kimebaki kitabu kilichomo humo humo tumboni mwake.
Naandika man crontab. Kinafunguka:
kuhariri ratiba, kuitazama, kuifuta.
Nyota, kimya.
Nashuka hadi mkiani mwa ukurasa,
pale penye ANGALIA PIA,
nakuta jina lilelile nililotoka kuliita:
crontab(5).

Nani humwelekeza mgeni kwenye nyumba
ambayo tayari amesimama mlangoni pake?
Nilidhani ni mara tano, kama dawa ya kikohozi.
Nikaliandika na mabano yake;
mashine ikanikaripia kwa ajili ya mabano.

Lusubilo wa mizani akaja, vidole vinanata utomvu.
"Namba itangulie, dada. man 5 crontab.
Hiyo siyo hesabu, ni chumba.
Cha kwanza wanalala watendaji, amri unazopiga mwenyewe.
Cha tano, namna faili linavyoandikwa.
Cha nane, wenye funguo za ghala.
Vingine utavikuta ukihitaji.
Jina moja laweza kulala vyumba viwili."

Nikabisha hodi cha tano. Nyota zikajipanga:
dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki.
Nikaandika 0 5 * * *
ripoti ya chumba baridi itoke alfajiri,
tano ya mashine,
kumi na moja yetu.

Ningepaswa kulijua hili zamani.
Nilikuwa na miaka tisa, zahanati, benchi la mbao.
Muuguzi akaita, "Tusekile Mwasomola!"
Tukainuka wawili,
mimi na bibi niliyerithi jina lake,
nami nikapewa vidonge vya presha.
Bibi alicheka hadi akashika ukuta.
"Wameita jina," alisema, "hawakuuliza lipi."

Yeye alikuwa wa kwanza: alilima, aliuza, alizika,
hakuandika hata mstari.
Mimi ni wa tano,
najua tu kila kitu kikae safu gani.

Kabla ya kuzima, kwa utani wa usingizi,
naandika man 1 tusekile.
Hakuna ukurasa wa tusekile katika sehemu ya 1.
Sawa.
Haikusema hakuwapo.
Imesema hapa, kwenye mashine hii,
hakuna aliyemleta.

Mvua imehamia Tukuyu.
Lusubilo amesinzia, kakalia mizani:
kilo sitini na mbili, inasoma,
bila jina.