Taarifa ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Zamu yangu, Samail. Ramani imejaa rangi:
njano Musandam, upepo na vumbi;
nyekundu juu ya Jabal Akhdhar;
Dhofar ukungu tu, wao salama.
Naandika: mvua ya ngurumo baada ya adhuhuri,
uwezekano sitini kwa mia.
Nafuta "uwezekano". Naurudisha.
Pampu mbili ziko Fanja. Boti moja, injini inakohoa.
Mwalimu mkuu anasubiri neno langu, afunge shule au asifunge,
nami nasubiri wingu lisilozaliwa bado.

Simu. Mama, na Kiswahili chake cha Wete:
"Shinuna, nguo zimelala nje. Nianue?"

Mama, kwako mbingu itakuwa nyeupe,
jua litakuchoma utosi,
na wadi itashuka hivyo hivyo
na mvua ya watu wengine.

"Sijauliza wadi. Nimeuliza nguo."

Anua, mama. Na gari la Harith litolewe bondeni.

Hajibu. Nasikia vibanio
vikidondoka kwenye beseni, kimoja, kimoja,
kisha anamwita Harith kwa jina lake lote.

Naandika pembeni, kwa penseli:
saa kumi na mbili na robo,
uhamishaji umeanza.