Mstari Mweupe

Drahomíra amekaa karibu na jiko, mikono chini ya shali,
maana mwaka huu mikono haimsikii.
Akikoroga chai, kikombe kinalia kama kengele.
"Basi shika wewe," akaniambia,
akanipa koni ya karatasi
kama anayempakata mlevi mtoto mchanga.

Mimi!
Miaka ishirini na tisa chini ya ardhi ya Ostrava
nilishika mashine ya kutoboa mwamba.
Vidole vimenenepa kama soseji,
vumbi la makaa limeingia ndani ya ngozi
likaacha alama za buluu zisizojua sabuni.
Leo naambiwa nichore theluji.

Unga tuliukanda jana:
asali, siagi, mdalasini, karafuu,
na pilipili manga kidogo, ya kuuchokoza ulimi.
Ukalala roshani, kwenye baridi, chini ya taulo.
Asubuhi ulikuwa mgumu kama kisigino changu.
Nikausukuma. Kazi ya nguvu naiweza.
Nikakata nyota, mioyo, samaki,
na farasi mmoja ambaye mguu wake ulibaki mezani.
"Huyo tutamla wenyewe," alisema.
"Zawadi haichechemei mlangoni pa watu."

Sasa nyeupe:
ute wa yai, sukari iliyosagwa ikawa vumbi,
tone la limau.
"Usikamue. Inua mkono,
uache mstari ujilaze wenyewe."
Nyota ya kwanza, tope.
Ya pili, njia ya konokono mgonjwa.
Ya tatu nilisahau kupumua,
na mstari ukalala.

"Ndivyo. Sasa nukta, tatu kila pembe.
Mama alikuwa akitia tano,
ila mama alikuwa na majivuno."
Akafumba macho, akaendelea kuniongoza:
zungusha, shuka, kata.
Nilipoinua kichwa kunyoosha shingo
nikaiona shali ikitikisika,
nikadhani ni ule ugonjwa.
Sivyo. Kila mstari niliouchora juu,
kidole chake kilikuwa kikiuchora chini.

Sikusema kitu. Nilichora hadi saa saba usiku.

Biskuti hizi zikitoka jikoni hazifai,
zinaweza kuvunja jino.
Unazifungia kwenye bati na kipande cha tofaa,
unaziacha wiki tatu gizani.
Tofaa linasinyaa, biskuti zinalegea.
Hakuna njia ya mkato, nimewahi kuitafuta.

Mkesha wa Krismasi nikateremka na mabati.
La Radka, muuguzi wa zamu za usiku, nililitundika kitasani.
La fundi wa lifti nilimpa ndani ya lifti,
imekwama kama kawaida.
La mwisho lilikuwa la Hruška,
ambaye hajatusalimu miaka sita
tangu maji ya bafu letu yaliposhukia dari lake.
Juu kabisa Drahomíra alikuwa amemlaza yule farasi.
"Hukusema haichechemei?"
"Mpelekee. Ajue imetoka kwetu."

Hruška alifungua mlango bila kutoa mnyororo.
Jicho moja, nusu ya sharubu.
Nikalisogeza bati. Halikupita.
Nikaligeuza upande. Halikupita,
na ndani biskuti zikagongana.
Tukatazamana, wazee wawili na upenyo wa vidole vinne.
Kisha akafunga mlango.

Nilikuwa nimeshageuka, mguu kwenye ngazi,
niliposikia mnyororo ukianguka.

"Amesemaje?" Drahomíra aliuliza nilipopanda.
"Amesema mistari imepinda."
"Imepinda kweli," akasema,
akaitoa mikono nje ya shali,
akaiweka mezani, kwenye sukari iliyobaki,
ikatetemeka hapo, mbele yangu,
wala hakuificha.