Mkunazi wa Shangazi Thuweiba

Keekee iliingia polepole, kama sindano ya zahanati,
ikatoka na ujiti mwembamba kuliko penseli.
Nimeulaza kwenye boneti ya gari,
jua la Sohari bado halijapandwa na hasira.

Hesabu nami, shangazi.
Pete hii pana ni mwaka uliorudi kutoka Unguja
na kokwa mfukoni, bila kuwaambia watu wa forodha.
Hizi tano zimenona: maji ya falaji yalikuwa matamu.
Hapa ndipo walipowasha tanuri la shaba juu ya bonde.
Ona. Pete zinabanana
kama watu waliosikia mlango ukivunjwa.

Maabara imeandika: shaba, kadimi, risasi.
"Risasi?" ukauliza. "Nani kaupiga?"
Nikacheka, kisha nikanyamaza,
maana Kiswahili chako kilikuwa kimelishika
neno ambalo ripoti yangu ya kurasa kumi na nne
ililizunguka tu.

Mizizi haikujua kukataa.
Ilikunywa kilicholetwa.
Majani yamedumaa, manjano kati ya mishipa,
na kunazi za mwaka huu
hazijazi hata kikombe cha kahawa.

Jana Bi Ghaniya, mwosha maiti, alikuja na kikapu chake.
Ukamzuia mlangoni: "Ya huu hayafai."
Akasema maiti haogopi risasi.
Ukasema, "Na mikono yako?"

Tanuri lilizimwa zamani.
Pete ya nje kabisa, ya mwaka huu,
sikuiona kwa macho.
Niliipapasa kwa ukucha.
Ipo.