Daftari la Kahawa, Kuanzia Nyuma

Nderingo, ulipiga simu saa tisa usiku,
huko kwako jua halijazama,
ukaniuliza, bila hata shikamoo,
"Shangazi, sisi tumeandikwa wapi?"

Ukasema unatoka barazani kwa jirani,
bibi wa Kiholanzi asiyewahi kuiona Uholanzi,
mwenye jina lililo na mfupa katikati:
Hoekzema. Nimelijaribu mara tatu. Limenikwama.
Ukasema hata mji wenu huko Michigan unaitwa Holland,
kwamba waliovuka maji walilibeba jina la kwao
kama mbegu kwenye pindo la nguo.

Na kwamba alikufungulia Biblia nzito kama tofali,
na kabla ya kitabu cha Mwanzo, kurasa nne za wino wa kahawia:
nani alizaliwa, nani aliolewa, binti wa nani,
na Jantje, miezi saba, baharini.
Kaburi hakuna. Kuna mstari mmoja,
nao umetosha kumfanya kikongwe afute miwani
kwa mtoto wa karne isiyo yake.

Nikakaa kitandani, simu imezima.
Tumeandikwa wapi?

Kulipokucha nikashuka Kidia hadi Moshi mjini
kutafuta daftari, karibu na mnara wa saa.
Yote yalikuwa na picha za wachezaji mpira.
Nikarudi, nikatoa la babu yako,
lile la ushirika: kilo, daraja, malipo ya kwanza,
malipo ya pili ambayo hayakuja.
Nimeligeuza. Nimeanzia nyuma.

Naandika: Kisarika, aliyechimba mfongo.
Maji bado yanaitwa kwa jina lake
hata na wale wanaoyaiba usiku.
Naandika: Ndelamio mwanawe. Kisarika mwana wa Ndelamio,
maana kwetu jina la babu hurudi, kama ndoo kisimani.
(Wako umemwita Oweni. Sisemi kitu. Naandika Oweni.)

Hadi hapo ningeweza kutaja nimefumba macho;
wanaume wa ukoo huu tumewakariri kama Baba Yetu.
Lakini huyo bibi yako ana wanawake kurasani,
kwa majina ya kwao.
Kalamu ikasimama. Mama yake Kisarika ni nani?
Nikapanda hadi Tsuduni, kwa Aikaruwa,
tisini na ushee, haoni, anamenya ndizi kwa vidole.
Alinyamaza mpaka nikadhani amelala.
"Walimwita yule wa Uru," akasema. "Basi."
Nimeandika hivyo. Yule wa Uru.

Kisha wale watatu wa mama,
waliowekwa mgombani kabla ya ubatizo,
penye isale moja. Nimewapa mstari kila mmoja.
Mistari miwili haina jina. Nimeiacha na nafasi.

Jumapili ukapiga tena.
Katika ile Biblia, ukasema, kuna jina limekwanguliwa kwa kisu,
karatasi imebaki nyembamba, mwanga unapita.
Bi Hoekzema hajui ni nani wala alikosa nini.
Hupapasa tu pale kwa kidole.

Nami, mwanangu, siku ileile nilikuwa nimefika kwa Ndesario.
Unajua. Aliuza kihamba cha juu, akainywa bei yake,
na baba yako hakumtamka mpaka anazikwa.
Nilikuwa nimemruka, tena vizuri tu,
hata mstari haukuonekana.

Nimerudi. Nimembana pembeni kwa herufi ndogo:
Ndesario. Aliuza kihamba.
Ndiye aliyenifundisha kusoma saa.

Zimebaki kurasa tisa nikutane na kahawa
ikija kutoka upande wa pili.
Nipe tarehe ya Oweni. Na mama yake,
kwao wanaitwaje? Na mama wa mama yake?
Taja polepole, herufi moja moja,
hata kama kuna mfupa.