Kaa wa Sufi

Kiwanda kilipofungwa walitukabidhi buti zetu
ndani ya mfuko wa nailoni, na barua.
Miaka kumi na tisa hapa Punta Arenas
nimevunja miguu ya kaa wa bahari ya kusini,
vidole vimekufa kwa baridi,
hata usingizini mkono wa kulia uliendelea:
pinda, vunja, tupa kwenye beseni.
Barua ilisema asante.
Niligeuza karatasi kuona kama ilisema zaidi.

Mkono usio na kazi ni mtoto asiyelala.
Nikaupa kulabu ya marehemu mama,
ya chuma, imepinda kidogo shingoni,
na sufi nyekundu iliyobaki kwenye sweta ya Baldomero,
sweta aliyokataa kuivaa, eti yeye si gari la zimamoto.
Nilikusudia kofia.
Likatoka duara, duara likavimba,
likataka miguu.

Wa kwanza alikuwa na uso wa kiazi.
Wa pili alisimama.
Edelmira wa nyumba ya pili alimpandisha juu ya redio,
akamzunguka, akauliza, "Huyu bei gani?"
Sikuwahi kuulizwa swali hilo.
Bei zilibandikwa ukutani na watu wengine.
Nikasema elfu tano, haraka, kama anayeomba radhi.

Edelmira ameuza vitunguu miaka thelathini,
haoni haya mbele ya hesabu.
Akachana mwezi uliopita kutoka kwenye kalenda,
akaandika nyuma yake:
sufi, elfu moja na mia nane;
pamba ya kujazia, mia sita;
macho, vifungo viwili vyeusi, mia mbili.
"Na saa?"
Saa gani?
"Saa saba ulizokaa hapo dirishani, Nélida. Uliziokota?"

Nikagawa. Nikagawa tena kwa kalamu nyingine.
Kiwanda kilinilipa mara nyingi zaidi.
Nimejiajiri, nikamwambia,
na bosi wangu mpya ni mnyonyaji.

Basi, elfu kumi na sita.
Niliiandika kwa penseli, isijitokeze sana.
Jumamosi, karibu na gati, upepo wa huku hauna adabu:
kaa kumi na mmoja nimewabana mezani kwa vibanio vya nguo,
kofia moja imekwisha kwenda zake baharini.
Jumamosi ya kwanza niliuza kitambaa cha kikombe.
Ya pili, mgeni mmoja mwenye darubini shingoni
akanieleza kwa upole kwamba kaa ana miguu minane.
Bwana, nikamwambia, huyu ana magando mawili na miguu sita.
Nimeivunja kwa mikono hii. Hesabu yangu haina kosa.
Akanunua wawili.

Ya tatu akaja Bwana Marusic,
msimamizi wetu, yule wa saa ya ukutani.
Amepungua. Koti limebaki na ukubwa wake wa zamani.
Akamwinua kaa, akampima kiganjani kwa mazoea,
akasema, "Elfu kumi na sita kwa gramu themanini?"
Hawa, nikasema, hawauzwi kwa kilo.
Nikanyamaza. Edelmira ndiye alinifunza hilo:
ukishataja bei, usiifukuzie kwa maneno.
Upepo ulizungumza kwa niaba yetu sote.
Akatoa noti moja moja.
Akaondoka, kaa kwapani,
na sikukumbuka hata kumpa mfuko.

Niliandika daftarini: Marusic, mmoja, amelipa.
Neno la mwisho nililipigia mstari mara mbili.

Usiku, nikikunja meza na kuhesabu vilivyobaki,
nikakuta chini ya beseni mguu mmoja,
mwekundu, umejazwa vizuri, hauna mwenyewe.
Nikacheka hadi Baldomero akaamka.
Nimeuweka kwenye droo, pamoja na uzi wake.
Akirudi kudai nitaushona mbele yake,
na saa hiyo sitamtoza.